Nilichosikia Chini ya Jiwe la Mto

Bwana apewe sifa, ndugu zangu. Nawasalimu ninyi wa kanisa hili la Butembo, na ninyi mliotoka Kirumba alfajiri mkavumilia ile barabara mpaka hapa. Mimi ni Kakule, fundi wa moteri. Wengi mnanifahamu kwa sababu nilishawatengenezea pikipiki ama jenereta.

Wengine mtakumbuka kwamba nilisimama mahali hapa mwaka uliopita, nikashuhudia jinsi Mungu alivyonitoa majini. Mliimba, mkapiga makofi, na mama mmoja akatandika kitenge chake chini ili nipite juu yake. Ndugu zangu, leo nashuhudia mambo yaleyale mara ya pili, sababu ile mara ya kwanza niliweka uongo ndani yake. Mchungaji anajua. Mke wangu anajua. Sasa nataka ninyi pia mjue.

Mimi ni mtoto wa Luofu. Baba yangu alilima maharage na viazi, na mimi ningelima vilevile, lakini vita ya pili ilipofika kwetu tulikimbia, mimi na mke wangu Kavira na watoto wetu wawili. Tukaja hapa Butembo, tukapokelewa na shangazi yake, watu saba katika chumba kimoja. Nikapata kazi katika karakana. Mikono yangu ilikuwa inaelewa mashini upesi, na jambo hilo lilinipa kiburi. Lakini barabara ya Beni ikawa inafungwa na kufunguliwa, vipuri havifiki, wateja wanapungua. Kulikuwa na siku nzima ninakaa mbele ya moteri iliyofunguliwa, kila kitu najua kukitengeneza, na sina cha kutengenezea.

Wakati huo niliacha kuomba. Sikumkasirikia Mungu. Nilichoka tu kusema maneno yaleyale kila siku. Nikaanza kusema moyoni kwamba mikono yangu inatosha.

Katika karakana ile nilifanya kazi na kijana mwenzangu, Mbusa, mtu wa Kirumba, mtoto pekee wa mama mjane, Mama Masika. Mbusa aliimba kwaya. Alikuwa mtu wa kuangalia kitu mara mbili kabla ya kukigusa, na mimi nilikuwa namcheka kwa sababu hiyo. Tena alikuwa anaogopa maji. Alikulia mlimani, hakujua kuogelea hata kidogo.

Siku moja nikasikia kwamba upande wa magharibi, safari ya siku tatu kwa miguu ndani ya msitu, kuna mto ambapo watu wanachimba dhahabu chini ya maji. Wanazama na tiyo, mpira wa hewa, mdomoni. Juu, ukingoni, kuna kompresa, mashini inayosukuma hewa ndani ya hiyo tiyo, na mtu anakaa chini saa nzima akijaza changarawe yenye dhahabu katika mifuko. Walikuwa wanatafuta watu wa kufundishwa, hasa watu wanaojua moteri. Nikamwambia Mbusa twende.

Akanijibu: "Kakule, miye na maji hatupatane."

Nikamwambia: "Hata miye sijui. Batatufundisha."

Alifikiri siku mbili, kisha akakubali. Naomba mlishike neno hilo, ndugu zangu. Ni mimi niliyemwita.

Aliyetufundisha aliitwa Muzee Paluku, mtu wa upande wa Beni. Alikuwa amezama miaka mingi mpaka sikio lake moja likafa, basi ulipotaka kusema naye ulizunguka upande wa kulia. Siku ya kwanza alituambia kwamba mafunzo yake ni miezi mitatu, na asiyekubali arudi kwao siku hiyohiyo.

Alituweka katika maji yaliyotulia, nyuma ya fungu la mchanga, kina cha kifua. Alifunga macho yetu kwa kitambaa, akafunga kamba kutoka kigingi hadi kigingi chini ya maji, tukaifuata kwa mkono, huku na huku, wiki nzima. Ule mto ni wa udongo. Ukiwa chini huoni hata kidole chako mwenyewe, kwa hiyo kamba ndiyo macho. Kila mmoja wetu alikuwa na kamba yake kiunoni, na juu kulikuwa na mtu wa kuishika asiyeruhusiwa kufanya kazi nyingine yoyote, hata kuwasha sigara. Ukivuta mara moja, uko salama. Ukivuta mara tatu, utolewe. Paluku alikuwa anakuja kwa siri chini ya maji, anatunyang'anya tiyo mdomoni, ili tujifunze kutulia, kuitafuta na kuirudisha bila kumeza maji. Mara ya kwanza nilipanda juu nikipiga kelele. Mbusa, yeye aliyeogopa maji, alitulia. Kwa kuwa aliogopa, alisikiliza kila neno la mwalimu.

Na kila asubuhi, kabla ya mtu kulowesha mguu, Paluku alituamuru tuvute hewa ya tiyo tukiwa nchi kavu na kuinusa.

"Mashini inakula hewa pale, fasi ile inakaa," alisema. "Kama inakula moshi yake yenyewe, na wewe utakula moshi. Na ile moshi haikohoze mutu. Inamubembeleza. Ukisikia arufu, ama kichwa inauma, hapana zama."

Mimi nilikuwa fundi wa moteri. Niliona ananifundisha kitu ninachokijua tangu zamani. Siku moja alinishika bega akasema: "Uko na nguvu, Kakule, mais hauna masikio. Miye niko na moja, inanitosha. Wewe uko na mbili, haikusaidie kitu."

Watu walicheka. Mimi sikucheka.

Ndugu zangu, sehemu ile ilishikwa na waasi, na kamanda wao alikuwa na msimamizi pale mtoni. Kulikuwa na jiwe kubwa ukingoni, na chini yake maji yalikuwa yamechimba pango. Walisema changarawe ya humo haijawahi kuguswa. Msimamizi alitaka tuingie upesi, kabla kundi lingine halijakuja kuchukua mto. Paluku akakataa.

"Bale bawili habajamaliza," akamwambia. "Kule chini ya jiwe ni nyumba ya mulango moja. Fasi ingine, mutu akisikia vibaya, anapanda juu. Kule hapana juu. Juu ni jiwe. Nipe mwezi moja tena."

Msimamizi hakugombana naye. Alingoja siku tano, kisha alfajiri moja akamtuma Paluku kambi nyingine, mwendo wa saa mbili, akaangalie mashini iliyokuwa imeharibika. Asubuhi, Muzee akiwa mbali, akatuita sisi wawili. Alisema: "Muzee anaona wivu. Anajua mukiingia, yeye hana kazi tena."

Nilipotoa ushuhuda mara ya kwanza, niliwaambia kwamba tulilazimishwa na bunduki. Huo ni uongo wa kwanza. Bunduki zilikuwepo, kama zilivyokuwa kila mahali wakati ule, lakini asubuhi ile hakuna aliyenielekezea. Neno la msimamizi lilinifurahisha, nikalikubali. Nikasema mbele ya wote: "Sisi tuko tayari."  Mbusa alinitazama, na kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa nimesema "sisi", akaanza kufunga kamba yake.

Mvua ilikuwa inanyesha. Watu walikuwa wamesukuma kompresa chini ya turubai ili isiloweshwe, na turubai lilishuka pande zote kama sketi. Moshi ulikuwa unatokea humo, na hewa yetu ilikuwa inavutwa humohumo. Mimi fundi niliona. Niliona kwa macho haya.

Mbusa akatia tiyo mdomoni, akavuta mara mbili, akaitoa.

"Kakule, hewa inanuka."

Nikanusa. Kulikuwa na harufu kidogo sana, kama kitambaa kilichoungua mbali. Nikamjibu: "Ni mupira mupya tu. Hapana kitu."

Akanusa tena. Akasema: "Tungoje Muzee."

Nikamwambia: "Muzee atatufanya batoto mpaka lini?"

Halafu nikaongeza neno jingine. Tulikuwa tumeambiwa kwamba ndani ya pango kuna mahali pembamba, na kamba inaweza kukwama kwenye mawe. Nikamwambia tukifika pale, kila mmoja afungue kamba yake kiunoni, tupite, tuifunge tena tukirudi. Hilo Paluku alikuwa ametukataza zaidi ya mambo yote. Mbusa alifikiri. Kisha akaitika kwa kichwa, sababu aliniamini.

Tukaingia.

Tulitambaa kwa matumbo, mimi nyuma, yeye mbele. Maji yalikuwa baridi, na jiwe lilikuwa linagusa mgongo wangu. Kwa muda mambo yalienda vizuri. Baadaye kichwa kikaanza kuuma hapa, juu ya macho. Nikasema moyoni ni baridi. Kisha maumivu yakaondoka, na mahali pake ikaja raha ambayo sijaijua tena. Joto likaenea mwilini. Hofu yote niliyotoka nayo Luofu ikayeyuka. Na nikasikia watu wanaimba, sauti nyingi, mbali, nzuri sana.

Mwaka jana nilisema mahali hapa kwamba walikuwa malaika. Mkainuka wote. Ndugu zangu, muganga wa kituo cha afya aliyenitibu alinieleza mambo yenyewe. Moshi wa moteri ukiingia kwenye damu unakaa mahali pa hewa, na ubongo unaanza kuzimika polepole bila kuumia. Nilikuwa ninakufa. Ile niliyoiita amani ya Mungu ilikuwa moshi, na nilijua hivyo tayari siku niliposimama hapa. Nilijua, nikawaambia ni malaika, sababu niliona inapendeza zaidi.

Katika raha ile nilifika pale pembamba. Miguu ya Mbusa ilikuwa imekwisha kupita, kamba yake imelala kwenye mchanga. Niliigusa kwa mkono. Nikakumbuka mapatano yetu. Nikashika fundo la kamba yangu ili nilifungue.

Vidole vilikataa. Nilijaribu, vikateleza kama vya mtu mwingine. Nilijaribu tena. Mikono yangu, ile niliyoiamini kuliko maombi, ilishindwa kufungua fundo nililolifunga mwenyewe. Sikuogopa hata kidogo. Niliona uvivu, nikasema ngoja nipumzike. Hapo ndipo kumbukumbu zangu zinakatika.

Yaliyofuata niliambiwa. Muzee Paluku alipofika kule alikotumwa, alikuta mashini ni nzima, haina shida yoyote. Akaelewa mara moja. Yule mzee alirudi mbio kwenye matope na mvua. Alipotoka msituni aliona moshi unatambaa chini ya turubai, akamuuliza mshika kamba: "Bako ndani?" Hakungoja jibu. Alikamata kamba yangu akavuta yeye na watu wawili. Nilikuja nikigonga mawe, tiyo ikatoka mdomoni, ngozi ya bega ikachunika. Kovu liko hapa. Kisha wakavuta kamba ya Mbusa. Ilikuja nyepesi, peke yake.

Paluku alilitupa turubai, akawaamuru watu waibebe kompresa mpaka upande wa upepo, akaiacha ipige hewa safi, akainusa. Ndipo akafunga kamba yangu kiunoni mwake, akaingia. Hata saa ile hakuruka jambo moja. Alimkuta Mbusa mbele kidogo ya pale pembamba, ametulia, tiyo yake bado iko katikati ya meno. Alikuwa amekwisha kufa.

Mimi nilipozinduka nilikuwa nimelala ubavu, natapika, kichwa kama kinapasuliwa. Nilisikia msimamizi anasema mvua imekwisha, mashini iko safi sasa, waingie wengine. Na nikamwona Paluku, maji bado yanamtiririka, amekaa juu ya kompresa yenyewe.

"Leo hapana mutu anaingia mu maji," alisema.

Askari mmoja akamwambia: "Muzee, toka pale."

Paluku akageuza sikio lake zima. "Nilisikia. Sitoke. Kama unataka kupiga, piga. Mais leo tunazika."

Walimpiga, ndugu zangu. Walimshusha kwa vitako vya bunduki, na alipoanguka alishika gurudumu la mashini, hakuliachia. Mwishowe yule askari alichoka, ama aliona haya, sijui. Hakuna aliyeingia majini siku ile. Tulimzika Mbusa juu ya ukingo wa mto, mahali pakavu. Kumbeba mpaka Kirumba wakati ule haikuwezekana. Mimi nilibebwa kwa kinga, yaani baiskeli, mpaka kituo cha afya, na miezi minne mikono yangu ilitetemeka hata kikombe cha chai nilishikiwa na Kavira.

Nilipopona nikaja kwenu na ushuhuda wangu wa malaika. Sikutaja harufu. Sikutaja kamba. Nilisema Mungu alinichagua kwa kazi yake, nanyi mkasema amina.

Habari hiyo ikafika Kirumba. Siku moja Mama Masika alishuka kwenye lori mbele ya karakana. Nilimpa kiti. Alingoja mpaka mteja alipoondoka, kisha akaniuliza:

"Kakule, banasema ulisikia bamalaika banaimba mu maji."

Nikajibu: "Ndiyo, Mama."

"Na mutoto wangu, yeye pia alibasikia?"



Akaendelea, bila hasira: "Sababu kule kwetu batu banasema Mungu alikufungulia wewe mulango, yeye akamufungia. Banauliza Mbusa alikuwa na zambi gani. Miye nilimuzaa, nilimulea, siijue ile zambi. Nilikuja kukuuliza wewe, sababu ulikuwa naye."

Nilimwambia nitakuja kwake. Ni hayo tu niliyoweza kusema. Siku tatu sikushika spana. Kavira aliniuliza nina ugonjwa gani, nami nikamweleza yote kwa mara ya kwanza. Akaniambia: "Uende umuambie. Hata akikutukana, umuambie."

Nilimkuta Mama Masika jikoni, anachagua maharage. Nikakaa chini, nikasema yote, kama nilivyowasimulia leo. Alikuwa anaendelea kuchagua. Nilipofika kwenye harufu, mkono wake ukasimama.

"Alisema hewa inanuka?"

"Alisema, Mama. Mara mbili alinusa."

"Donc, basi, aliona hatari."

"Aliona. Alitaka tungoje Muzee. Ni miye nilimuambia hapana kitu. Na kamba, ni miye nilimuambia afungue."

Akaniambia nitoke kwanza nje. Nikakaa kando ya ukuta. Nilimsikia analia, na sikuwa na haki ya kuingia kumtuliza. Jua lilihama kutoka upande mmoja wa uwanja hadi mwingine. Ndipo akaniita.

"Kakule, sijue kama nilishakusamehe. Nikisema ndiyo leo, nitakudanganya, na uongo umeshakuwa mingi. Mais umenirudishia mutoto wangu. Balimufanya mutu wa zambi. Kumbe alikuwa mutu wa akili. Sasa uende useme vile mbele ya batu balebale."

Ndugu zangu, ndiyo maana nimesimama hapa.

Namshukuru Mungu kwa mzee aliyekimbia kwenye matope kwa ajili ya watu waliomdharau. Muzee Paluku yuko Beni, anatembea kwa fimbo tangu kipigo kile. Nilienda kumwomba msamaha, akanipa bugali, akaniuliza kama sasa nina masikio. Namshukuru Mungu kwa vidole vilivyokataa. Sitasema tena kwamba nilichaguliwa na Mbusa akaachwa. Sijui kwa nini mimi. Nimemuuliza Mungu mara nyingi, na bado nauliza, na kuuliza kwenyewe kumenirudisha kwenye maombi. Ninalojua ni kwamba siku ile Mungu alikuwa amekwisha kusema nasi, kwa kinywa cha mwalimu wetu na kwa pua ya Mbusa, na mimi nikajibu hapana kitu.

Siku hizi hakuna kompresa ya mtoni inayotoka kwangu bila bomba refu la kupeleka moshi mbali. Wenye mashini wanasema linawasumbua kubeba. Nawaambia watafute fundi mwingine.

Ninyi vijana mnaokwenda machimboni, najua vita na njaa vinawasukuma, nami sitawahukumu. Lakini mwenzako akikuambia kitu kinanuka, simama. Kumtumaini Mungu ni pamoja na kumsikiliza huyo. Na wewe uliyeketi na neno ambalo umelipaka sukari ili watu wakupende, usingoje mama wa mtu akuulize. Bwana hatafukuza mtu anayekuja na ukweli wake mbaya. Mimi hakunifukuza.

Mama Masika ameketi pale, safu ya tatu, mwenye kilemba cha bluu. Ni yeye aliyetangulia kufika asubuhi hii. Ninyi mliosema neno juu ya mtoto wake, tukimaliza kuomba, piteni mkamsalimie. Mwiteni Mama Mbusa.